Mikutano ya Bomeni: Tuende Upi?

Ndugu msomaji, kama unakaa Bomeni, au umepata kuja Taveta siku ya soko, yaani Jumatano au Jumamosi, bila shaka umesikia gari lenye vipaza sauti likipita polepole kati ya mikungu ya ndizi na magunia ya vitunguu, likitangaza harambee. Juma hili ni ya kuezeka kanisa, juma lijalo ni ya madrasa, kisha karo ya kijana aliyepata nafasi chuoni, kisha deni la hospitali. Na uchaguzi ukikaribia, gari hurudi na nyimbo nyingine, likitangaza mkutano wa siasa. Watu wa hapa si wazito wa kuitika. Tukiitwa, twaenda.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi hii, na ndiyo maana utaniona nikipenda hesabu kidogo katika maneno yangu. Kila siku naonana na wakulima: huyu anataka kuandikishwa apate mbolea ya bei nafuu, huyu nyanya zake zimeingiwa na ugonjwa, huyu anauliza lini mfereji utatengenezwa. Huyo wa mfereji ndiye aliyenifanya niandike. Kwa maana nikimwuliza kama alikuwako katika mkutano wa bajeti ya kaunti, mara nyingi hunijibu kwamba hakusikia habari zake, au alisikia lakini hakuona faida. Nikimwuliza juu ya harambee ya Jumapili, anaweza kunitajia kila mgeni aliyetoa na kiasi alichotoa.

Basi neno langu ni hili. Tunahudhuria mikutano mingi ambayo fedha zetu hutoka, na michache mno ambayo fedha zetu hugawanywa.

Usinielewe vibaya. Sisemi harambee ni kitu kibaya. Neno lenyewe ni la watu wa kazi, la kuvuta kamba na kuinua mzigo kwa pamoja, na Mzee Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 1963. Mpaka leo limeandikwa chini ya ngao ya taifa letu. Katika miaka ile ya kwanza watu walileta mawe, mchanga, miti na nguvu zao. Shule za sekondari zilizoitwa shule za harambee zilisimama mahali pengi ambapo Serikali haikuwa na uwezo wa kufika upesi, na baada ya mwaka wa 1970 sehemu kadhaa za nchi zikaanza kuchanga kwa ajili ya vyuo vya ufundi. Wazee wanaoyakumbuka mambo hayo hawadanganyi wakisema kwamba nchi ilijengwa kwa mikono.

Wala jambo hili halikuanza na Uhuru. Jirani zetu wa Upare, ng'ambo ya Ziwa Jipe, kazi ya pamoja huiita msaragambo, nasi hapa tunayo kazi ya namna hiyo mpaka leo kila mfereji unapojaa matope. Siku ya kuzibua mfereji kila mwenye shamba huja na jembe lake au koleo lake. Hakuna mgeni wa heshima. Hakuna anayesomwa jina kwa kipaza sauti. Asiyekuja anajulikana, na akija kutaka maji ataulizwa alikuwa wapi. Harambee ya asili ilikuwa hivyo.

Lakini sasa tazama tunavyofanya. Mahema yamekodiwa, viti vimekodiwa, vipaza sauti vimekodiwa, na wageni wamepikiwa pilau. Saa tano watu wamekaa; mgeni wa heshima anafika saa nane. Kadi zinasomwa moja moja: fulani shilingi mia mbili, fulani mia tano, fulani ahadi. (Neno "ahadi" ndilo linalopigiwa makofi mengi kuliko yote, nami sijui kwa nini, maana ahadi haijapata kununua hata bati moja.) Halafu unafika mnada. Mkungu wa ndizi unanyanyuliwa juu, na wakubwa wanashindana kwa maelfu. Ndizi hizo hizo Jumatano iliyopita mama yule aliyezilima alimbembeleza dalali wa Mombasa amwongeze shilingi hamsini, akakataa. Nimetazama uso wa mama mmoja wakati wa mnada wa namna hiyo. Alicheka na kupiga makofi kama wengine, kisha akamwambia mwenzake, "Kumbe bei wanaijua."

Sasa niruhusu niandike hesabu ubaoni. Tuseme mkulima wa Bomeni amepata kadi nne kwa mwezi, na si nyingi. Wako wanaopata zaidi. Kila kadi ameweka shilingi 200, hizo ni 800. Bodaboda ya kwenda na kurudi shilingi 100, mara nne, ni 400. Kila mara amepoteza nusu siku ya kazi, nasi tukihesabu nusu siku ya kibarua kuwa shilingi 250, ni 1,000. Jumla kwa mwezi ni shilingi 2,200, na kwa mwaka mzima shilingi 26,400. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Futa zangu uweke zako, ufanye hesabu ukiwa peke yako nyumbani. Kisha linganisha na mambo mengine. Bima ya afya ya SHA, iliyoshika mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kiwango chake cha chini kwa jamaa isiyo na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Wengi wetu hatujalipa, tukisema hatuna. Lakini tunalipa madeni ya hospitali ya jirani kwa kadi mwaka mzima, naye atalipa yetu.

Mazishi siyahesabu. Mtu akifiwa, nenda.

Yako mambo mengine katika harambee ambayo ni mazito kuliko fedha za mfukoni. Fikiri, msomaji: mtu akikupa shilingi elfu hamsini za mabomba ya kikundi chako siku ya Jumapili, mbele ya watu, ukamshangilia na kumvika shada la maua, je, Jumatatu utaweza kumwuliza kwa nini fedha za maji zilizoandikwa katika bajeti hazikufanya kazi? Huwezi. Utaona haya. Tena majirani watakuambia huna shukrani. Mtoaji analijua jambo hilo vizuri kuliko wewe. Kwa shilingi elfu hamsini amenunua kimya cha kijiji kizima, na kwa biashara hiyo bei ni rahisi sana. Tena wewe hukujua zilitoka wapi. Labda ni zake, labda ni mkopo, labda ni zako mwenyewe zimezunguka na kurudi.

Mambo hayo yamejulikana zamani. Katika miaka ya 1980 mahali pengi michango ya hiari iligeuka ikawa kama kodi, hata watu wakaogopa kwenda kutafuta huduma ofisini kwa sababu ya kitabu cha risiti za harambee kilichokuwa juu ya meza. Ndiyo sababu Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka wa 2003 ilimkataza mtumishi wa Serikali kuifanya ofisi yake kuwa mahali pa kuomba michango, au kutumia cheo chake kumlazimisha mtu atoe. Ilinihusu mimi pia, ingawa cheo changu ni kidogo. Basi ukija ofisini na kadi kumi ukitaka nikugawie kwa wakulima waliopanga foleni ya mbolea, na mimi nikakataa, usiende kusema kwamba karani yule ana majivuno.

Tena mwezi wa Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana katika miji mingi ya Kenya, Rais William Ruto alitangaza kwamba maofisa wa Serikali na watumishi wa umma hawataruhusiwa kushiriki katika harambee, akaagiza sheria itayarishwe. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais mwenyewe alizitoa katika kanisa la Soweto jijini Nairobi. Watu walibishana sana juu ya jambo hilo. Wengine walisema kanisa limekosa adabu. Kwa maoni yangu, kanisa au kikundi kinachoweza kurudisha bahasha ni kikundi chenye nguvu, na nguvu hiyo hutoka katika kujitegemea kwa michango midogo ya wenyewe.

Kama kikundi chenu hakina budi kufanya harambee, basi ifanyeni kama watu wenye akili. Gharama ya mahema na chakula isizidi kiasi mnachotumaini kupata. Nimeona harambee iliyobakiza fedha za kununua mifuko michache ya saruji tu baada ya kulipa mwenye vipaza sauti. Bahasha zifunguliwe hapo hapo mbele ya watu, na watu watatu wasio wa ukoo mmoja wahesabu. Fedha zilale benki, si nyumbani kwa mweka hazina. Na baada ya kazi kwisha, hesabu isomwe kwa baraza lile lile lililochanga. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana. Wakati wa kuchanga kipaza sauti kipo. Wakati wa kusoma hesabu hakuna hata kiti.

Sasa nije kwa mikutano ya siasa. Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanywa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, nasi twajua kwamba mikutano huanza muda mrefu kabla ya hapo. Kwenda kumsikiliza mtu anayetaka kura yako ni haki yako, nami nakuhimiza uende, angalau mara moja kwa kila mmoja wao, umpime. Lakini kwenda kila Jumamosi nyuma ya lori kwa sababu ya fulana na shilingi mia mbili ni jambo jingine. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka wa 2016 inamhesabu anayetoa rushwa ya kura na anayepokea kuwa wakosaji wote wawili. Mara nyingi twasema, "Kula kwao, kura kwako." Maneno mazuri ya kuchekesha, lakini hayatakusaidia mbele ya hakimu.

Na tena, mkulima ana saa yake. Hapa kwetu, mashamba yanayotegemea chemchemi ya Njoro Kubwa na maji ya mto Lumi hunyweshwa kwa zamu. Zamu ya maji haingojei hotuba. Namjua mkulima mmoja, jina lake nalihifadhi, ambaye zamu yake iliangukia alasiri ya mkutano mkubwa. Alidhani mkutano utakwisha saa tisa. Ulikwisha jioni, kwa sababu msafara ulichelewa njiani. Maji yakapita kwenda kwa mwenzake, naye akangoja mpaka zamu nyingine katika jua lile la Taveta unalolijua. Vitunguu vyake vilikuwa katika majuma ya kutanua vichwa. Aliyehutubu siku ile alisema sana juu ya kuinua hali ya mkulima.

Upo mkutano mwingine ambao haupigiwi ngoma. Katiba ya mwaka wa 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Jambo hilo limeandikwa katika kifungu cha 201. Kwa hiyo kaunti haiwezi kupitisha bajeti halali bila kuwaita watu na kusikia maoni yao. Kaunti yetu ya Taita Taveta ina wodi ishirini, na tano ni za Taveta: Chala, Mahoo, Bomeni, Mboghoni na Mata. Fedha ni zile zile, na wanaozitaka ni wengi, toka Voi mpaka milima ya Wundanyi. Wodi isiyosema haipati, au hupata kile ambacho mtu mwingine ameifikiria.

Shika majira yake kama unavyoshika majira ya kupanda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa kwa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na kitu kisichokuwamo ndani ya mpango huo ni shida kukiingiza baadaye. Taarifa inayoonyesha kila idara itapata kiasi gani hupelekwa kabla ya mwisho wa Februari. Makadirio yenyewe ya bajeti hupelekwa kabla ya tarehe 30 Aprili, na hapana budi yawe yamekwisha kabla ya mwisho wa Juni. Kwa hiyo mtu anayekuja kulia juu ya mfereji mwezi wa Juni ni kama mtu anayepanda mahindi mvua zikiisha. Azungumze mwezi wa Agosti, arudie Februari, arudie tena Mei.

Ukienda, usisimame na kusema tu, "Sisi tunataka maji." Kila mtu anataka maji. Karani wa kaunti ataandika "maji" katika daftari lake, na neno hilo likifika Wundanyi au Mwatate halitakuwa na maana yoyote. Sema mfereji gani, umebomoka mahali gani, ni hatua ngapi zinazotaka kusakafiwa, wakulima wangapi wanaoutegemea, ekari ngapi, na mwaka uliopita mlipoteza zao gani. Peleka maneno hayo yameandikwa, nakala mbili, na ile ya kwako igongwe muhuri na kutiwa tarehe. Kikundi kikienda na karatasi moja ya namna hiyo, na watu kumi wakasema jambo moja, kina nguvu kuliko watu mia wanaosema mambo mia. Huku kwetu Bomeni mjini wafanya biashara wa soko wanalijua hilo, ndiyo sababu taa na vyoo vya soko husemwa kila mwaka. Wakulima ndio waliolala.

Wengine watasema mikutano hiyo ni ya bure, kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa, na kwamba vitabu vya bajeti ni vinene tena ni vya Kiingereza. Malalamiko hayo yana ukweli, sitakuficha. Nimewahi kuona tangazo la mkutano likibandikwa leo, na mkutano wenyewe kesho, tena siku ya soko, saa ambazo kila mama wa Bomeni yuko juu ya magunia yake. Nimeona pia watu waliokuja kwa ajili ya soda na nauli, wakasaini orodha na kuondoka. Lakini dawa ya mkutano mbaya si kuuachia wachache. Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Basi sema wazi unataka kuelezwa kwa Kiswahili, na kikao kingoje. Mkutano ukiwekwa Jumatano, mwandikieni msimamizi wa wodi abadilishe siku. Na ukitaka kujua fedha za mradi fulani zimekwenda wapi, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inakupa haki ya kuuliza, na ofisi uliyoiuliza inapaswa kukujibu katika muda wa siku 21.

Jambo moja nataka kulikazia, hasa kwa waume. Katika mashamba mengi ya hapa, anayekwenda kufungua maji saa tisa za usiku na taa mkononi ni mke. Yeye ndiye anayejua mfereji unavuja wapi. Lakini siku ya mkutano anayevaa koti na kwenda ni mume, na akiulizwa mahali penye ubovu anasema, "Pale chini." Basi mwache mama aende, au nendeni wote wawili, naye apewe nafasi ya kusema bila kukatizwa. Vijana vilevile. Wanajua kusoma vitabu hivyo katika simu zao kuliko sisi, na wakikaa nyuma wakicheka ni kwa sababu hakuna aliyewauliza neno.

Kuhusu barua za maombi na za kuuliza habari, wako wakulima wanaoniambia kwamba hawajui zinavyoandikwa. Si kazi kubwa, wala haitaki Kiingereza. Andika tarehe, jina la kikundi na kijiji, jina la ofisi unayoiandikia, jambo moja tu unalolitaka, na sahihi za watu watatu pamoja na namba ya simu inayopatikana. Mwenye shida aje ofisini kwetu baada ya foleni ya mbolea kwisha, nami nitamwonyesha mfano ulioandikwa tayari. Aje na karatasi yake, maana karatasi za ofisi zina kazi yake, na awe amekwisha kuupima mfereji kwa hatua kabla ya kuja.